Mizunguko Kumi Silverstone



Leo nataka mfuatane nami mpaka Uingereza, mahali paitwapo Silverstone, penye njia ya mashindano ya motokaa. Najua wengine mtauliza, "Karani wa parokia ana shughuli gani na motokaa za mashindano?" Nami nilijiuliza hivyo hivyo. Kazi yangu ni vitabu vya ubatizo na ndoa, na siku za soko kuendesha pikapu ya parokia kwenda kuleta saruji. Sikilizeni basi ilivyokuwa.

Mwaka jana, mwezi wa Septemba, parokia rafiki ya Uingereza ilitualika watu wanne tukawatembelee. Mzee aliyenipokea nyumbani kwake alipata kusikia kwamba mimi ni dereva. Siku moja akanipa bahasha, na ndani yake mna tikiti ya kuendesha motokaa ya mashindano, mizunguko kumi. Nilishukuru kwa mdomo, lakini moyo ulikuwa mzito. Miezi mitatu kabla ya safari, mdogo wangu, dereva wa bodaboda, alikosa kona kwenye mteremko wa mtoni akavunjika mguu wa kuume. Breki za pikipiki yake zilikuwa zimekwisha, naye alijua. Mimi pia nilijua. Nilimwacha kitandani mguu umefungwa plasta. Je, sasa mimi nikafurahie mbio? Nilitaka kukataa, lakini mzee alikwisha kulipa fedha zake, na mgeni mwema hakatai anachoandaliwa. Nikaenda.

Silverstone iko mpakani mwa Northamptonshire na Buckinghamshire, katika nchi ya mashamba. Mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, palifunguliwa uwanja wa ndege za vita, na vijana wakawa wanafundishwa hapo kurusha ndege za Wellington. Vita vilipokwisha, wapenda mbio waliziona zile njia pana zimelala bure. Mwaka 1948 wakafanya hapo mashindano makubwa, na tarehe 13 Mei 1950 ikawa hapo mbio ya kwanza kabisa ya ubingwa wa dunia, mbele ya Mfalme George wa Sita. Mshindi alikuwa Mwitalia, Giuseppe Farina. Leo njia kamili ina urefu wa kilomita 5.891 na kona 18.

Jambo lililonishangaza zaidi ni majina ya kona hizo. Iko inayoitwa Becketts, na nyingine Chapel, kwa sababu zamani hapo karibu palikuwa na kikanisa cha Mtakatifu Thomas Becket, yule Askofu Mkuu aliyeuawa Canterbury mwaka 1170. Ziko Luffield na Abbey, kwa ajili ya monasteri ya Luffield, walipokaa wamonaki wa Mtakatifu Benedikto, ndugu wa hawa tunaowajua sisi wa Peramiho na Ndanda. Mahali walipotembea watu wa sala kwa miguu, leo motokaa zinapita kama risasi.

Kabla ya kugusa usukani tulitiwa darasani. Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja mwenye mvi. Akauliza, "Katika pedali tatu, ipi ina maana kuliko zote?" Kijana mmoja akajibu upesi, "Ya mafuta." Mama akatikisa kichwa. "Ya breki," akasema, kisha akaandika hesabu ubaoni. Mimi niliyesomea ualimu niliipenda hesabu ile, nami nawapa ninyi. Ukiongeza mwendo mara mbili, urefu wa kufunga breki hauongezeki mara mbili, bali mara nne. Tuseme kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa breki zinakusimamisha katika mita 10. Kwa mwendo wa 80 utahitaji mita 40. Kisha akatufundisha: funga breki mapema, gari likiwa limenyooka bado; ukimaliza kupunguza ndipo ukate kona; na mafuta yangoje mpaka uione njia ya kutokea.

Basi nikavikwa nguo ya kipande kimoja na kofia ngumu, nikaingizwa garini. Ndugu msomaji, fikiri mtumbwi mwembamba wenye magurudumu manne yaliyo nje, wazi kabisa. Ndani unakaa mtu mmoja tu, karibu unalala, miguu imenyoshwa mbele. Injini iko mgongoni. Mikanda inapita mabegani, kiunoni na katikati ya mapaja, hata huwezi kuinama. Saa ya mwendo hamna. Pedali zimebanana hivi kwamba kiatu cha kazi kingekanyaga mbili pamoja. Klachi ilinishinda mara mbili, injini ikazimika, vijana wakacheka. Mara ya tatu ikakubali.

Tulipita njia fupi, kama kilomita 2.6. Mizunguko mitatu nilifuata gari la mwalimu. Lami ilikuwa karibu nami hata nilidhani inanikwaruza mgongo. Niliona tairi za mbele zikigeuka mbele ya macho yangu, na kila kokoto niliisikia mifupani. Penye barabara iliyonyooka, iliyopewa jina la zile ndege za Wellington, upepo ulinivuta kofia, nami, sitawaficha, nilifurahi kama mtoto.

Mzunguko wa nne niliachwa peke yangu. Furaha ikageuka kiburi. Nilipofika kona ya Copse nilijiambia, "Bado kidogo," nikachelewa breki. Gari likazunguka kama pia, moshi wa tairi ukanijaa puani, na liliposimama nilikuwa naangalia nilikotoka.

Hakuna kilichovunjika. Nilitazama kulia na kushoto. Hapakuwa na mti, wala mbuzi, wala mtoto aliyebeba maji. Mtu wa bendera alikwisha kuinua ya njano kuwaonya wa nyuma. Magari yote yalikwenda upande mmoja. Ndipo nilipomkumbuka mdogo wangu na ule mteremko wa mtoni. Kosa letu lilikuwa moja. Tofauti ni mahali lilipotendeka.

Niliporudi, mwalimu hakunikemea. Alinisimulia kwamba mwaka 1999 bingwa Michael Schumacher alivunjika mguu hapo hapo Silverstone, kona ya Stowe, breki zilipomshinda. Na mwaka 2022 gari la Mchina Zhou Guanyu lilipinduka mwanzo wa mbio, likateleza chali, likaruka ukuta wa tairi, naye akatoka mzima, kwa sababu juu ya kichwa chake palikuwa na upinde wa chuma uliotiwa katika magari hayo tangu mwaka 2018. "Hapa," akasema, "tunatangulia kuandaa mahali pa kukosea, ndipo tunakwenda mbio."

Jioni nilimpigia mdogo wangu simu. Akauliza kwa hamu, "Kaka, ulikwenda kasi gani?"

Nikamjibu, "Sijui, saa ya mwendo haikuwamo. Ila najua nilichelewa breki wapi." Nikamweleza yote, pamoja na aibu yangu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ukirudi, tuitazame ile pikipiki."

Tuliitazama. Fundi alitia breki mpya mbele na nyuma. Gharama tuligawana, maana hatia pia tuligawana. Leo anatembea, anachechemea kidogo, na penye mteremko wa mtoni anaanza kupunguza mwendo kwenye mwembe, kabla hajaiona kona.

Nawe, baba au mama unayesoma haya, kijana wako akitoka na pikipiki kesho asubuhi, usimwambie tu "nenda polepole". Inama uzitazame breki pamoja naye.

Kwaherini, mpaka siku nyingine.