Kumwandikia Mwenzako Maisha Yake

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa kwetu Kolwezi neno hili twalijua vema. Tangu mji huu ulipoanzishwa mwaka 1937, mawe ya shaba yametoka ardhini mwake kwa wingi, nayo yamepimwa na kuandikwa katika vitabu vya makampuni. Lakini watu walioyachimba, wale ambao siku ya Jumapili walivaa viatu vya mpira na kushangiliwa na wenzao, ni wangapi walioandikwa? Watoto wetu wanataja majina ya wachezaji wa Ulaya bila kukosea hata moja. Jina la mzee aketiye chini ya mwembe wa jirani hawalijui.

Mzee mmoja wa namna hiyo alituita nyumbani kwake huko Manika. Alikuwa mchimbaji, na katika ujana wake alicheza upande wa kushoto katika timu ya wafanyakazi. Akatuambia: "Mwalimu, wewe ulisoma seminari, unajua kushika kalamu. Macho yangu yamechoka. Niandikie maisha yangu, wajukuu wayasome." Tulikubali upesi, tukidhani ni kazi ya majuma mawili. Ikawa kazi ya miezi minane, na katikati yake tulitenda kosa ambalo tutaliungama hapa.

Ulimwenguni kazi hii ina mafundi wake, na wengi wao ni waandishi wa habari za michezo. Fundi huyo huanza gazetini. Mchezo ukiisha jioni, habari yake lazima imfikie mpiga chapa kabla ya usiku kuwa mkubwa. Kesho watu huisoma, na kesho kutwa gazeti hufungia karanga sokoni. Ndiyo maana wengine, wakiisha kukaa kando ya kiwanja miaka mingi na kuaminiwa na wachezaji, hugeukia vitabu, maana kitabu hudumu. Kuna waandikao kwa jina lao wenyewe. Kuna pia waandishi wa kivuli: huketi na mchezaji saa nyingi, humwuliza, hunasa sauti yake, kisha huandika "mimi" kana kwamba mchezaji mwenyewe ndiye aliyeshika kalamu. Huyo hulipwa ujira wa mara moja, au fungu la fedha za mauzo. Jina lake huwekwa kwa herufi ndogo, au haliwekwi kabisa.

Hugh McIlvanney, mwandishi wa Uskoti, alikuwapo Kinshasa mwaka 1974 kuandika habari za pigano la Muhammad Ali na George Foreman. Miaka 25 baadaye, mwaka 1999, kilitoka kitabu cha maisha ya Alex Ferguson, kocha wa Manchester United, na McIlvanney ndiye aliyemsaidia kukiandika. J. R. Moehringer, aliyekuwa mwandishi wa gazeti huko Marekani, alimwandikia Andre Agassi, mcheza tenisi, kitabu kilichotoka mwaka 2009. Jina lake halimo kwenye jalada, naye mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo.

Sisi tuliofunzwa Maandiko twamjua mwenzao wa zamani. Waraka kwa Warumi ni wa Paulo, lakini mkono ulioandika ulikuwa wa Tertio. Katika sura ya 16 anawasalimu wasomaji kwa jina lake, mara moja tu, kisha ananyamaza. Ni adabu nzuri ya mwandishi.

Sasa tutazame nchi yetu, ambayo mwaka 1974 iliitwa Zaire. Mwezi wa Machi mwaka ule, huko Misri, Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Fainali ilikuwa na jirani zetu wa Zambia: mchezo wa kwanza 2-2, wa marudio 2-0, na mabao yote manne ya Zaire yalikuwa yake. Mwezi wa Juni, katika Kombe la Dunia huko Ujerumani Magharibi, timu yetu ilifungwa 9-0 na Yugoslavia. Katika mchezo huo Ndaye alitolewa nje kwa kosa la kumpiga mwamuzi teke, na teke lile lilikuwa la mwenzake Mwepu Ilunga. Mwaka 1994 aliheshimiwa huko Tunisia; aliporudi nyumbani, watu wenye silaha walimvamia, wakampiga risasi mguuni. Akakimbilia Afrika Kusini, akaishi katika umaskini. Mwaka 1998, huko Burkina Faso, watu walisimama kimya dakika nzima kumwombolezea, kwa kuwa habari ilienea kwamba amekufa katika machimbo ya almasi ya Angola. Naye yu hai! Mwaka 2010 mwandishi Claire Raynaud alitoa kitabu juu ya maisha yake, akakiita *La mort m'attendra*, yaani "kifo kitaningojea". Ndaye alifariki mwaka 2019. Mtu huyu alihukumiwa kwa teke lisilo lake, na kuombolezewa kwa kifo kisichokuwapo.

Na huyo Mwepu, mchezaji wa timu ya Lubumbashi ambayo leo ni TP Mazembe? Tarehe 22 Juni 1974 Wabrazili walikuwa tayari kupiga mpira wa adhabu. Mwepu akatoka mbio katika ukuta wa wachezaji, akaupiga mpira mbali. Dunia ikacheka, ikasema Waafrika hawajui sheria. Miaka mingi ikapita ndipo alipoeleza kwamba sheria aliijua. Alitenda vile kwa hasira, maana wachezaji walikuwa hawakulipwa. Alifariki mwaka 2015, na kicheko kile hakijaisha mpaka leo.

Hawa wawili waliumia kwa sababu watu waliandika kabla ya kuuliza. Lakini kalamu yaweza kukosa kwa njia nyingine pia, yaani kwa kupamba. Kitabu cha Muhammad Ali, *The Greatest*, kilitoka mwaka 1975, na mwandishi wa habari Richard Durham ndiye aliyekiandika pamoja naye. Humo imesimuliwa kwamba Ali aliitupa mtoni medali yake ya dhahabu ya Olimpiki ya 1960, kwa uchungu wa kubaguliwa. Thomas Hauser, katika kitabu chake cha mwaka 1991, alieleza kwamba medali ile ilipotea tu. Uchungu ulikuwa wa kweli kabisa. Pambo lililoongezwa likawapa watu sababu ya kuushuku.

Na sisi tulipamba. Mzee alitusimulia fainali moja iliyochezwa Likasi. Dakika za mwisho alipewa penalti, akaupiga mpira juu ya mwamba, timu ikashindwa. Tuliona haya kwa niaba yake. Wajukuu watasema nini? Basi tukaandika kwamba siku ile alicheza akiwa na jeraha mguuni. Tulidhani tunamtendea wema.

Tulipomsomea, alituzuia kwa mkono. Akasema: "Mwalimu, mguu wangu ulikuwa mzima. Niliogopa. Usiku ule wote walinikimbia, ila kipa wetu. Alikuja akaketi nami mpaka asubuhi, hakusema neno. Mwaka uliofuata jiwe lilimwangukia mgodini. Sasa ukiandika kwamba mguu uliuma, yule aliketi nami kwa sababu gani?"

Hatukuwa na jibu. Alilichukua daftari, akaliweka sandukuni, na kwa majuma matatu hakutuita. Tulikwenda wenyewe kumwomba radhi. Tukaanza upya tangu ukurasa wa kwanza, na safari hii tuliuliza zaidi kuliko tulivyoandika. Palipokuwa na woga tuliandika woga.

Daftari lilikwisha, nalo liko kwake. Jina letu liko ukurasa wa mwisho, mstari mmoja, kama Tertio. Juzi mjukuu wake wa kike alilisoma kwa sauti, na alipofika mwisho hakuuliza juu ya penalti. Aliuliza: "Babu, yule kipa aliitwa nani?" Mzee akamtajia jina, naye mtoto akalirudia mara mbili asije akalisahau.

Ndugu wasomaji, si lazima mtu awe fundi wa magazeti. Nunueni daftari la kurasa mia, mkaketi na mzee wa nyumba yenu kabla jua halijamtulia. Muulizeni, msimharakishe, na akimaliza msomeeni mlichoandika. Akisema "sivyo", futeni, hata kama sentensi ilikuwa nzuri.