Jina la Mume, Jina la Nani?

Ukishaolewa tu, maswali yanaanza. "Sasa tukuite misesi nani?" Benki wanauliza, ofisini wanauliza, na mawifi ndio usiseme. Mimi nilibaki na jina la baba yangu. Mume wangu si mtu wa kugomba, lakini alinuna. Hoja yake ni kwamba familia moja iwe na jina moja, ili siku mtoto akizaliwa mama yake asionekane mgeni kwenye makaratasi. Ni hoja yenye uzito, na nyie mlio kwenye ndoa mnajua.

Kosa lake lilikuwa kuongeza, "Kwetu ndivyo ilivyo."

Kwao ni Muleba, Kamachumu. Na kwao sivyo ilivyo hata kidogo! Baba mkwe ana jina lake, kaka yake wa tumbo moja ana lake, mama mkwe ana lake linaloanza na Koku kama ya wanawake wengi wa Kihaya. Hebu mchukue Kardinali Laurean Rugambwa, mtoto wa Bukongo, aliyezaliwa mwaka 1912 na kuwa kardinali mwaka 1960. Baba yake aliitwa Domitian Rushubirwa, mama yake Asteria Mukaboshezi. Watu watatu, nyumba moja, majina matatu, na hakuna aliyejiuliza kama ni familia. Kinachowaunganisha Wahaya ni ukoo na mwiko wake. Ukienda kuposa utaulizwa ukoo wako kabla ya kazi yako, maana wa ukoo mmoja hawaoani. Na mwanamke akiolewa anabaki na ukoo wa kwao mpaka kaburini.

Jina moja la nyumba nzima limeletwa na daftari: la ubatizo, la kodi, la shule. Mwenye daftari anataka kujua nani ni wa nani bila kusimuliwa habari za koo. Hata Ulaya mambo yalikwenda hivyo hivyo, na mfano ninaoupenda zaidi ni wa Mjerumani aliyeanzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890. Vitabuni ni Emin Pasha. Lakini mama yake hakumzaa Emin.

Alizaliwa Eduard Schnitzer, mwaka 1840, Oppeln, mji wa Silesia ambao leo uko Poland na unaitwa Opole. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Schnitzer ni jina la kazi, kama Schmidt ambaye ni mhunzi na Müller msaga nafaka. Maana yake ni mchongaji. Wayahudi wengi wa huko kabla ya hapo walijulikana kwa jina lao na la baba, fulani mwana wa fulani, kama bin na binti zetu. Kisha serikali ya Prussia, kwa amri ya Machi 1812, ikawataka wote wawe na jina la kudumu la ukoo. Daftari tena, unaona?

Eduard akasoma udaktari, akaondoka kwao, akaingia utumishi wa dola ya Waturuki. Huko alifanya kazi kwa gavana mmoja, Ismail Hakki Pasha. Gavana akafariki, na mwaka 1875 daktari wetu akarudi kwao Neisse na mjane wa marehemu pamoja na watoto, akawaambia ndugu zake kuwa huyu ndiye mke wangu. Jamani, miezi haikupita mingi, akatoweka! Alimwacha mama wa watu ugenini, mikononi mwa mawifi. Alipoibuka tena alikuwa Khartoum, na jina lake sasa ni Mehemet Emin.

Emin ni neno la Kiarabu lililopita kwa Waturuki. Kwetu lilizaa imani, amana na mwaminifu. Kwa Kihaya ungesema Mwesigwa. Yaani mtu anatoroka mwanamke, halafu anajiita Mwaminifu.

Nilimsimulia mume wangu haya tukiwa Bukoba, tunatembea ufukweni baada ya kula senene. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema, pole pole, "Lakini ndilo jina lililobaki." Ni kweli. Kuna ghuba ya Ziwa Victoria, upande wa Rubondo, inaitwa Emin Pasha. Kuna shomoro ambaye wanasayansi wanamwita Passer eminibey, maana bwana huyu alipenda sana kukusanya ndege. Schnitzer haonekani kwenye ramani hiyo. Na Bukoba penyewe hakukaa hata nusu mwaka. Aliondoka Februari 1891, na Oktoba 1892 aliuawa Kongo.

Alikuwa na binti, Ferida, aliyezaa na mwanamke wa Kihabeshi. Mtoto alipelekwa Neisse, akalelewa na dada wa baba yake. Huyo dada alikuwa Schnitzer, na ndiye aliyempikia na kumvalisha. Nikimfikiria Ferida, ile hoja ya mume wangu ya mama asiwe mgeni kwenye makaratasi naielewa zaidi, ingawa sikubaliani na dawa yake. Jina linaweza kufanana na mtu akakuacha. Linaweza kutofautiana na mtu akakulea.

Mtoto wetu alipozaliwa, babu yake alimpa jina la Kihaya la kwake peke yake. Kwenye cheti, nafasi ya jina la ukoo tuliandika jina la mume wangu, kwa sababu fomu inataka hivyo na sikuona haja ya kupigana na fomu. Langu halikubadilika. Kule Kamachumu hakuna aliyeuliza. Mimi ni Mama Fulani, basi.

Juzi mume wangu alikuwa anajaza karatasi za bima. Alipofika kwenye jina la mwenza akaita kutoka sebuleni, eti jina la baba yangu linaandikwa kwa L au R. Nikamtajia herufi moja moja.