Safari ya Bugendana: Kuuza pikipiki bila kujuta

Mwezi huu nawapeleka Bugendana, mahali ambapo wengi wetu tunapasikia kwa jina tu. Nilifika huko kumsindikiza baba mmoja wa hapa kambini aliyekuwa anauza pikipiki yake. Yeye hasomi Kifaransa, na karatasi za pikipiki hapa Burundi ni za Kifaransa, basi akaniomba nimsaidie kusoma. Mnunuzi alikuwa amepatikana kwa simu.

Kutoka Gasorwe tulipita Muyinga mjini, tukashika barabara ya Karuzi mpaka Gitega. Huu ndio mji mkuu wa kisiasa wa Burundi tangu mwaka 2019. Una jumba la makumbusho lililoanzishwa 1955, na nje kidogo ya mji kuna Gishora, kilima cha ngoma za wafalme. Kutoka Gitega unafuata barabara inayopanda kaskazini kuelekea Mutaho na Ngozi, na ndiyo inayokufikisha Bugendana. Ni komine ya milima na mabonde: migomba, maharage, mihogo, kahawa, na watu wanaotembea kwa miguu kandokando ya barabara na mizigo kichwani.

Watu wa Bugendana nao wanajua kukimbia ni nini. Katika vita vya miaka ya tisini palikuwa na kambi ya watu waliokimbia makwao bila kutoka nchini mwao. Tarehe 20 Julai 1996 kambi hiyo ilishambuliwa, wakauawa watu zaidi ya 300. Siku tano baadaye serikali ilipinduliwa mjini Bujumbura. Ukifika huko, salimia watu kwa heshima. Uchungu huo bado uko karibu.

Sasa turudi kwenye pikipiki. Kwa familia ile haikuwa chombo cha kutembelea tu, ilikuwa akiba yote ya nyumba. Pesa zake zilingojewa kwa ajili ya duka dogo na shule ya watoto wawili. Ikipotea ile, hakuna nyingine.

Tulikaa mbele ya duka la mzee mmoja karibu na soko. Yule mnunuzi wa simu akaja na kijana mwingine. Akaizunguka pikipiki, akapiga matairi teke, akasema, “Baba, nipe ufunguo, nishuke nayo bondeni, dakika tano tu. Huyu ndugu yangu nakuachia hapa.” Nilimwona baba anaanza kutoa ufunguo mfukoni. Alikuwa anaona haya. Sisi wakimbizi tunaogopa kukataa, tunasema: mimi ni mgeni hapa, nikimnyima ataona namwita mwizi.

Yule mzee wa duka akacheka kidogo, akauliza, “Na huyo ndugu yake, wewe unamjua? Akikimbia kupita kule nyuma ya soko, utamkimbiza wewe?” Halafu akamgeukia kijana: “Mwanangu, hapa anayejaribu anaweka pesa kwanza. Mimi nitazishika. Ukirudi na hujaipenda, unazichukua zote.” Kijana akakasirika. Akasema hakuja kutukanwa, akaondoka na mwenzake. Labda alikuwa mtu mwema, labda hapana. Hatutajua. Ila pikipiki ilikuwa bado imesimama pale pale na sisi.

Saa za mchana akaja mtu mwingine na fundi wake. Aliambiwa sharti lile lile kabla hajagusa chochote. Akasema, “Sawa,” akahesabu pesa mbele yetu wote na kumpa mzee. Akaenda mpaka mahali tulipokubaliana, akarudi, fundi naye akajaribu. Wakapatana bei.

Hapo ndipo nilipoona kwamba sharti likisemwa mapema, tena kwa kila mtu, si tusi. Linakuwa tusi ukilisema kwa mtu mmoja tu, au ukilisema baada ya kushuku. Kwa hiyo akina baba, akina mama na vijana mnaotaka kuuza, shikeni haya.

Kwanza, uzieni mahali penye watu, mchana, na msiende peke yenu. Ombeni mapema karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini.

Pili, kabla ya ufunguo kutoka mkononi, angalia perimi na kitambulisho cha mnunuzi, uandike jina, namba na simu. Asiye na perimi asiendeshe. Mwendeshe wewe au mtu wako, yeye akae nyuma asikilize mashine. Lakini usikubali kwenda naye porini ambako hakuna anayekuona.

Tatu, pesa yote ishikwe na mtu ambaye wote wawili mnamwamini. Kitambulisho peke yake hakitoshi, kinaweza kuwa cha uongo au cha mtu mwingine. Rafiki aliyeachwa pia hatoshi.

Nne, kubalianeni njia na mwisho wake: mpaka pale, na kurudi. Semeni pia mbele ya shahidi kwamba akianguka au akivunja kitu, ni yeye anayelipa. Bima iwe hai siku hiyo, maana akimgonga mtu, watakutafuta wewe mwenye pikipiki. Avae kofia ngumu, ile tunayoita kaske.

Tano, weka esansi ya kutosha safari hiyo fupi tu. Karatasi usiziache chini ya kiti. Kadi ya pikipiki, yaani karte roze, ibaki mfukoni mwako pamoja na ufunguo wa pili.

Kwa anayenunua nako kuna haki yake. Gusa mashine kabla ya kuwasha. Ikiwa ya moto, huenda imewashwa mapema ili uasha wake mgumu asubuhi usijulikane. Sisi tulikuwa tumetoka safarini, basi yule mnunuzi wa pili akangoja ipoe, na alifanya vizuri. Tazama moshi: wa bluu ni dalili kwamba oili inaungua ndani. Jaribu breki polepole kabla ya kushuka mlima, siyo mlimani kwenyewe. Badilisha gia zote. Halafu linganisha namba ya chasi iliyogongwa kwenye chuma na ile iliyo kwenye karte roze. Zikitofautiana, acha, hata kama bei ni tamu.

Pesa za mkononi zihesabiwe noti kwa noti kwenye mwanga. Kama analipa kwa Lumicash au EcoCash, usiamini ujumbe tu, maana ujumbe unaweza kutungwa. Angalia salio lako mwenyewe kwanza.

Mwisho ni karatasi. Warundi wana desturi nzuri: mauzo makubwa yanafanywa mbele ya mashahidi, na baadaye mashahidi wanapewa kinywaji kinachoitwa agatutu k'abagabo. Sisi tulinunua soda. Lakini soda haibadilishi jina. Andikeni mkataba wenye majina, namba za vitambulisho, namba ya plaki na ya chasi, tarehe na saa, kila mmoja abaki na nakala. Halafu mnunuzi aende kubadilisha jina kwenye OBR, ofisi ya mapato. Kabla jina halijabadilika, pikipiki ikifanya ajali au uhalifu, plaki itawaleta kwako. Ile saa iliyoandikwa kwenye mkataba ndiyo itakayokusemea. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Tulirudi Gitega kwa gari la abiria, pesa zimeshonwa ndani ya koti. Njiani baba hakusema mengi. Karibu na Karuzi akaniuliza tu kama shule inapokea malipo nusu nusu, au ni lazima alipe yote mara moja. Nikamwambia tutauliza Jumatatu.

Familia yenye pikipiki ya kuuza na isiyojua Kifaransa, njooni darasani baada ya masomo ya mchana. Tutasoma karte roze pamoja kabla hamjasafiri. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.