Mchumba wa Mtandaoni na Adhana ya Doha



Twapenda ijulikane kwamba haya tunayaandika kwa idhini. Dada mmoja katika darasa letu la wanawake la kila Jumatano hapa Mombasa amepoteza shilingi 412,000 kwa mwanamume ambaye hakuwahi kumwona kwa macho, na ni yeye mwenyewe aliyetutaka tuyatie katika jarida. Tulijadiliana kwa wiki mbili. Wako miongoni mwetu walioshikilia kwamba kumsitiri Muislamu ni wajibu na kwamba mambo ya aina hii humalizwa ndani ya nyumba. Yeye akatujibu kwamba jina lake lisitiriwe, lakini hila isisitiriwe, kwa sababu hila bado inatembea. Hapo mjadala ukaisha.

Dada huyu ni mjane wa miaka 44, ana watoto watatu, na anauza mabuibui. Si mjinga, wala si mtu wa kupenda upuuzi. Twalisema hili mapema kwa kuwa tumesikia maneno yanayosemwa barazani na hata jikoni, kwamba mwanamke anayeingia kwenye tovuti ya uchumba amejitakia. Anayesema hivyo na amtazame mjane au mtalaka aliyemaliza eda yake, akapitisha miaka sita asione mshenga hata mmoja akibisha mlango. Zamani posa ilikuwa na njia zake: mshenga alitumwa, wazee wakaja, barua ikasomwa, kisha nyumba ya mwanamke ikaanza kuuliza. Njia hizo bado zipo kwa msichana wa miaka 20. Kwa mwenye miaka 44 na watoto watatu, nyingi zimefungwa, na waliozifunga ni sisi jamii. Tovuti za Kiislamu za kutafutia wenza zimekuwapo tangu miaka ya 2000, na twazijua ndoa mbili za heri zilizotokana nazo. Basi hatukuandika haya ili kuharamisha simu.

Mwanamume huyo alijieleza kuwa mhandisi wa mafuta, raia wa Canada aliyesilimu, mjane mwenye binti mmoja mdogo, na kwamba kazi imempeleka Doha. Picha zake zilimwonyesha akiwa na ndevu zilizotunzwa, na katika mojawapo alikuwa amevaa ihramu. Aliandika Kiingereza kizuri kilichopambwa kwa maneno ya Kiarabu, na kila alfajiri alituma dua. Siku ya tatu alimwomba wahamie WhatsApp, akisema kwamba tovuti ile imejaa fitina na haimfai mwanamke mcha Mungu. Maneno hayo ni matamu, lakini tazameni kazi yanayoifanya. Kwenye tovuti kuna wasimamizi, kuna kitufe cha kulalamikia, na mtu aliyeshitakiwa na wanawake kadhaa hufutwa. Kwenye WhatsApp mmebaki wawili.

Wiki ya pili akaanza kumwita mke wangu. Binti naye akaleta ujumbe wa sauti akimwita mama. Dada yetu alituambia kwamba sauti ile ya mtoto ndiyo iliyomshinda, si dhahabu. Sisi wenye watoto tulipoisikia katika simu yake, hakuna aliyeweza kuicheka. Sauti ni ya mtoto wa kweli, wa nani hatujui.

Alikuwa akifunga Jumatatu na Alhamisi, na yule mwanamume akasema naye atafunga. Ilikuwa mwezi wa Desemba. Jioni dada yetu alipoandika kwamba adhana ya Magharibi imeadhiniwa, jawabu lilirudi papo hapo: subhanallah, hata hapa Doha inaadhiniwa sasa hivi, tunafuturu pamoja. Zaidi ya mara nne walifuturu pamoja namna hiyo, na anakiri kwamba ndiyo saa aliyokuwa akiingojea kutwa.

Katika darasa letu yupo mama aliyefanya kazi za nyumbani Doha kwa miaka sita. Aliposomewa ujumbe ule aliuliza swali moja tu: saa ngapi? Akaonyeshwa, saa kumi na mbili na dakika ishirini na kitu. Akatikisa kichwa. Saa ya Qatar na saa ya Kenya ni moja, haipishani hata dakika, lakini jua halifuati saa. Mwezi wa Desemba jua la Doha huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na sisi tulio karibu na ikweta huzamiwa baada ya saa kumi na mbili. Mtu aliye Doha wakati ule amekwisha kuswali Magharibi muda mrefu na huenda Isha nayo inakaribia. Kwa hiyo mfungaji yule hakuwa Doha. Huenda alikuwa karibu mno kuliko tulivyodhani, au hakuangalia jua kabisa, alirudisha tu alichotumiwa.

Twaona hili lina faida kubwa kuliko nasaha nyingi zinazotolewa kuhusu picha na video. Picha huibwa, na ni vyema kuitafuta kwa Google Lens ili kuona kama uso ule unatumika kwa jina jingine, lakini picha isiyopatikana huko si ushahidi wa ukweli. Video nayo siku hizi hutengenezwa kwa akili mnemba. Mahali, kwa upande wake, ni vigumu kupaigiza. Mtu anayeishi mahali huzijua saa za swala za hapo, huujua msikiti wake na jina la imamu, hujua ikiwa leo ni sikukuu na maduka yamefungwa. Muulizeni mambo madogo ya pale anapodai yupo, tena kwa utulivu, kisha mhakikishe wenyewe.

Fedha zilianza na mahari. Alisema ametuma kifurushi: seti ya dhahabu, simu, na bahasha ya dola, ili familia ione kwamba nia yake ni ya kweli. Baada ya siku chache mwanamke mwenye sauti ya kikazi akampigia dada yetu kutoka namba ya hapa Kenya, akajitaja kuwa wakala wa forodha Nairobi. Kifurushi kimefika, kinadaiwa ushuru wa shilingi 28,500. Akalipa. Akaambiwa mashine imeona fedha taslimu ndani, kwa hiyo kinahitajika cheti cha kuthibitisha kwamba si fedha haramu: shilingi 65,000. Akalipa. Kisha ikawa 140,000, na safari hii akatishiwa kwamba asipolipa atakamatwa yeye, kwa kuwa kifurushi kimeandikwa jina lake. Alipoanza kusita, binti akalazwa hospitali na baba akadai kwamba benki imezuia akaunti yake. Zikaenda 178,500 za mwisho. Humo mlikuwa na akiba yake, zamu yake ya chama, na bangili mbili alizoachiwa na mamake, ambazo zimeuzwa kwa sonara na hazirudi.

Kuna jambo moja tumelitazama sana katika simu yake. Kila alipotuma kwa M-Pesa, ujumbe wa kuthibitisha ulimletea jina la mpokeaji, na kila mara lilikuwa jina la mtu binafsi, tena si lile lile. Aliuliza, akajibiwa kwamba ni karani wa ofisi. Ushuru wa forodha ni fedha ya serikali, na fedha ya serikali hailipwi katika simu ya karani. Ukiona jina la mtu badala ya jina la taasisi, hapo simama, hata kama kidole kimekwisha kuingiza namba ya siri mara moja kabla. Na ukigundua upesi, ujumbe ule wa M-Pesa hutumwa kwa namba 456 ili kuomba fedha zirudishwe. Hilo hufaa pale tu mpokeaji hajazitoa, na matapeli huzitoa kwa dakika, lakini kujaribu hakuna hasara.

La picha tunaliandika kwa uzito. Huyu mtu alijua dini kiasi cha kuitumia. Alimwambia kwamba sunna inamruhusu mposaji kumtazama anayemposa, akataka picha bila ya mtandio. Ni kweli kwamba kumtazama mchumba kumeruhusiwa, lakini mbele ya mahramu wake, kwa mtu aliyekwisha kujulikana, si kwa namba ya simu. Dada yetu alipeleka picha mbili. Alipokatiza malipo, picha zile zikarudi zikiwa na majina ya kaka zake chini yake, na bei. Alhamdulillahi, hakulipa. Alimwendea kaka yake mkubwa kabla picha hazijamfikia, akamweleza yeye mwenyewe. Kaka alinyamaza kitambo, kisha akauliza: umekula? Tungependa kila kaka asomaye hapa alijue swali hilo, kwa maana wanawake wengi hulipa kwa kuogopa nyumba zao kuliko wanavyomwogopa tapeli. Anayelipa mara ya kwanza hudaiwa tena. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mitandaoni inaadhibu ulaghai wa namna hii, vitisho, na usambazaji wa picha za faragha. Kwa hiyo msifute chochote. Jumbe, namba, majina ya M-Pesa na tarehe ndivyo vitu polisi watakavyoviuliza, na hasira ya kufuta mazungumzo yote usiku humsaidia mhalifu peke yake.

Wiki tatu baadaye alipigiwa na mtu mwingine, anayejiita wakili, akiahidi kuzirejesha fedha zote kwa ada ndogo. Ni wale wale. Orodha ya waliotapeliwa ni mali kwao, huuziana.

Wengine hutakiwa si kutoa fedha bali kuzipokea. Mchumba husema zitaingia shilingi fulani katika akaunti yako, nitumie mahali fulani, ubaki na kidogo. Fedha hizo huwa ni za mwanamke mwingine aliyeibiwa, na jina litakalopatikana na polisi ni lako.

Tulimuuliza dada yetu ikiwa aliwahi kumtajia walii. Alimtajia, mara tatu. Kila mara mwanamume aliafiki kwa furaha, kisha mtandao ukawa mbovu, au akawa katika kituo cha baharini, au akapendekeza ndoa ifungwe kwa simu na sheikh wa kwao. Hapa ndipo tunapowaambia wazazi wetu kwa heshima kwamba walii si mtu wa kutia saini siku ya ndoa. Kazi yake ni kuuliza. Baadhi yetu tumelelewa tukiamini kwamba kuchunguza mali na tabia za mposaji ni umbea. Katika Sahih Muslim imo habari ya Fatimah binti Qays, aliyeposwa na Muawiya na Abu Jahm, akaenda kwa Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, kutaka shauri. Mtume hakumwambia aombe dua tu. Alimweleza kwamba Muawiya hana mali na kwamba Abu Jahm fimbo yake haishuki begani, akamshauri aolewe na Usama bin Zayd. Mali ilitajwa, na ukali ulitajwa, kwa majina. Imamu Nawawi naye, alipohesabu mahali ambapo kumsema mtu hakuhesabiwi kuwa kusengenya, alitia humo ushauri wa ndoa. Basi ukiulizwa kuhusu mposaji unayemjua, toa ulichonacho.

Wanaodhani kwamba haya ni ya wanawake wa Pwani wasiosoma, wajue kwamba Marekani, mwaka 2022, tume ya serikali inayolinda wateja ilipokea ripoti karibu 70,000 za ulaghai wa mapenzi, na hasara iliyoripotiwa ilikuwa dola bilioni 1.3. Na upande wa pili wa simu nao una misiba yake. Mwaka huo huo serikali yetu ilitoa habari za Wakenya waliookolewa Myanmar, vijana walioahidiwa kazi nzuri Thailand, wakajikuta wamefungiwa katika majengo na kulazimishwa kuwatapeli watu mitandaoni. Huwezi kujua kama anayekuita habibti ni mwizi aliyekaa kwa raha zake au ni mtoto wa mtu aliyenyang'anywa pasipoti. Hilo halibadilishi wajibu wa kukata simu, ila twaliweka hapa kwa ajili ya wazazi wanaowaaga watoto wao uwanja wa ndege kwa kazi ambazo mwajiri wake hajulikani.

Dada yetu ameandikisha ripoti polisi, na anaendelea kuuza mabuibui. Hakufuta akaunti yake kwenye tovuti. Hilo liliwashangaza baadhi yetu na likatuletea majadiliano mengine ambayo hatutayaandika.

Kuna mwingine katika darasa letu, mtalaka wa miaka 38, ambaye mwezi huu ameandikiwa kupitia tovuti hiyo hiyo na mwalimu wa shule ya msingi anayesema anaishi Voi. Jambo la kwanza alilomwomba ni namba ya imamu wa msikiti anaoswali, na la pili ni kwamba asimwandikie tena mpaka azungumze na ami yake. Namba ilikuja siku ile ile, na tangu hapo hajaandika. Ami amepanda gari la asubuhi jana kwenda Voi kuuliza, na hadi tunapofunga ukurasa huu hajarudi.