Tumekataza Riba: Je, Tumekopesha?

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuhalalishia biashara na kutuharamishia riba. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye kabla ya kupewa utume alifanya biashara kwa mali ya Bibi Khadija. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, nina kosa langu mwenyewe la kukiri. Miaka michache iliyopita alinijia mwanamke mmoja hapa Nanyamba, niliyemsomesha chuoni tangu alifu mpaka akahitimu. Kazi yake ni kubangua korosho na kuziuza. Akaniamkia, kisha akasema, "Maalim, msimu umeingia na sina kitu mkononi. Tukiuza korosho zote zikiwa ghafi, mwaka mzima nitakaa bila kazi. Nikope wapi?"

Mimi nikamweleza makatazo ya riba, aya baada ya aya, nikamwombea dua, akaenda zake. Sandukuni mwangu mlikuwa na fedha ambazo singezihitaji mpaka baada ya Maulidi. Hilo halikunijia hata akilini. Akakopa kwa wale ambao watu wamewapachika jina la "kausha damu". Ulipofika mwezi wa Machi, cherehani yake ilikuwa imekwisha kuchukuliwa.

Habari ile ilininyima usingizi. Nikachukua daftari, nikafuatana na mke wangu, tukawaendea wanawake wabanguaji nyumba kwa nyumba, tukiwauliza swali moja tu: kitu gani kinakuzuia kuikuza kazi yako? Nilidhani wote watataja mashine, maana mafuta ya ganda la korosho huunguza vidole. Walioitaja ni wachache. Wengi walisema: hatuwezi kungoja.

Maana yake ni hii. Mavuno yetu makubwa huwa Oktoba mpaka Disemba. Hapo ndipo madeni ya mwaka mzima hubisha hodi, na Januari shule hufunguliwa. Basi korosho zote huuzwa ghafi. Lau wangeweza kuweka magunia mawili tu uvunguni, mama angebangua kidogo kidogo, na faida ya kazi yake ikabaki nyumbani kwake. Wengine hata msimu hawaungoji. Wakati wa njaa hupokea fedha kidogo kwa korosho ambazo bado ni maua juu ya mti. Ndiyo kangomba hiyo, nayo serikali imeipiga marufuku.

Wala mtu asiseme kuwa sharia imekataza kila malipo ya mbele. Bei ya salam inajuzu, ikiwa fedha zote zimetolewa papo hapo, na sifa, uzani na muda wa mali vinajulikana. Lakini kuuza matunda ya miti fulani kabla hayajaanza kuiva kumekatazwa, na kukopesha fedha kwa sharti la kurudishiwa zaidi ni riba, hata kama ziada yenyewe ni korosho.

Nchi yetu imelionja somo la mashine kwa kipimo kikubwa. Miaka ya 1970 serikali ilikopa nje, ikajenga viwanda vikubwa vya kubangua korosho. Lakini mavuno yaliyofika tani 145,000 hivi katika msimu wa 1973/74 yakaanguka chini ya tani 20,000 katika msimu wa 1986/87. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa duni, na ugonjwa wa ubwiri unga uliingia. Mashine zikakosa cha kubangua. Na mama wa Nanyamba, ukimpa mashine leo ilhali magunia ameshayauza, utakuwa umempa chuma tu.

Milango ya halali ipo. Upo mudharaba: mwenye mali hutoa fedha, mwenye kazi hutoa juhudi, faida hugawanywa kwa mafungu waliyoafikiana, na hasara ya fedha humwangukia mwenye mali maadamu mwenzake hakuzembea wala kuhini. Ipo mikopo isiyo na riba ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Na ipo qardh hasan, mkopo mwema, ambao kila mmoja wetu mwenye akiba anauweza.

Sisi watu wachache tulianza baada ya sala ya Ijumaa. Tulikopesha wabanguaji, tukaandika kila deni mbele ya mashahidi, kama tulivyoamrishwa katika Suratul Baqara, aya ya 282. Mmoja aliuguliwa na mtoto akashindwa kulipa. Tukampa muda, kama tulivyoamrishwa katika aya ya 280 ya sura hiyo hiyo.

Mwanafunzi wangu yule cherehani yake haijarudi. Lakini msimu uliopita magunia mawili yalikuwa uvunguni mwake. Ndugu yangu, kabla hujamwambia mwenye shida kuwa riba ni haramu, tazama kwanza sandukuni mwako.

Wabillahi tawfiq.