Pako Wazi

Kwa miaka tisa nilikuwa dalali wa viwanja Dar es Salaam. Mimi, mtoto wa mrina asali wa Ipole, niliyekulia kwenye miombo, nilifika mahali nikiona nyasi naona bei. Kuna uwanja watoto walikuwa wakichezea mpira. Niliuuza vipande vinne. Mnunuzi aliniuliza kama pana mwenyewe. Nikamjibu, "Pako wazi." Neno hilo lilinitafuna baadaye.

Nilimsindikiza kaka yangu Nairobi kutibiwa. Jumapili moja, mwili umechoka na mfukoni sina kitu, nikaketi kwenye majani ya Uhuru Park. Hakuna aliyeniuliza nanunua nini. Mzee aliyekaa jirani yangu akanionyesha kwa mkono: hapa palitakiwa kusimama ghorofa sitini.

Ilikuwa mwaka 1989. Jengo lilikuwa la chama tawala, KANU, pamoja na sanamu kubwa ya Rais Moi. Mwanamazingira Wangari Maathai akaanza kuandika barua serikalini, Umoja wa Mataifa, hata Uingereza, alikokuwa Robert Maxwell, mbia wa mradi. Wabunge wakamkejeli. Shirika lake, Green Belt Movement, likatolewa ofisini, likahamia nyumbani kwake. Hakuacha. Wafadhili wakarudi nyuma, na mwaka 1992 uzio wa eneo la ujenzi ukang'olewa. Miaka saba baadaye alipasuliwa kichwa akiutetea msitu wa Karura, na taarifa ya polisi akaitia sahihi kwa damu yake.

Nilitazama familia zikila mahindi pale. Nikaukumbuka uwanja wangu.

Nilirudi Ipole. Najua, Ipole si jiji. Lakini ni njia panda: huku Mpanda, huku Rungwa hadi Mbeya, nyuma Sikonge na Tabora. Lami ilipofika, watu wa viwanja nao walifika, na maneno yao nayajua yote. Lakini miembe imejaa katika nchi hii ya Unyamwezi tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu. Mpagazi aliyetua mzigo wa pembe hakulipia kivuli.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Basi nikasimama mkutanoni, nikaomba eneo la miembe lililo karibu na barabara liandikwe kuwa la wote, katika mpango wetu wa matumizi ya ardhi.

"Si wewe uliyekuwa ukiuza viwanja mjini?" mzee mmoja akauliza.

"Ndiye mimi, baba."

Nikawaeleza vile vipande vinne, na watoto waliokuja jioni na mpira wao wakakuta lori linashusha matofali. Nilisema nikilia. Watu walinyamaza.

"Kesho utuonyeshe mipaka," mzee akasema.

Tulikwenda alfajiri, yeye na panga lake, mimi na kamba ileile niliyopimia viwanja.