Shule za Programu: Tuwaulize Waliotoka



Siku hizi kuna shule za namna mpya. Hazifundishi miaka mitatu wala minne, bali majuma kumi na mawili, au miezi sita tu. Kisha zasema: huyu sasa aweza kufanya kazi ya kuandika programu za kompyuta. Shule hizo zilianza Marekani, karibu na mwaka 2011 na 2012. Wamarekani waliziita kwa jina la kambi ambamo askari wapya hufundishwa, kwa sababu wanafunzi hukazwa sana toka asubuhi hata usiku. Leo ziko katika nchi nyingi, na Afrika pia. Kwa mfano, Moringa School ya Nairobi ilianza mwaka 2014.

Kati ya shule hizo, ziko nzuri na ziko mbaya. Tutazitambuaje? Swali hili lilifika hata nyumbani kwetu Bukavu, nalo lilitaka kututenga na dada yetu.

Dada huyo na mwanawe walipokelewa Marekani kama wakimbizi. Kijana anafanya kazi ya usiku katika ghala kubwa, anapakia mizigo. Tangu utoto alipenda hesabu. Mwaka 2023 alitupigia simu: «Wajomba, nimeona shule. Baada ya miezi sita nitakuwa mwandishi wa programu. Wanataka dola 12,000. Mimi nimeweka 3,000. Je, mwaweza kunisaidia?»

Sisi wajomba zake tu watatu: mmoja mwalimu, mmoja fundi cherehani, mmoja mwuzaji wa maharage sokoni. Dola elfu tisa hatukuwa nazo. Tulikuwa na kiwanja kimoja tu, tulichoachiwa na baba. Dada alisema: «Kiuzeni! Kiwanja ni udongo, mtoto ni mtu.» Neno lake lilikuwa kweli. Lakini kiwanja kikisha kuuzwa hakirudi, na miezi sita ya kijana pia hairudi. Tukamjibu: «Dada, hatukatai. Twataka kuuliza kwanza.» Akakasirika, akadhani tunamwonea mtoto wake wivu.

Ndipo yule fundi wetu aliposema neno lililotusaidia: «Mtu anayetafuta fundi hatazami kibao cha mlangoni. Hutazama suruali za watu waliotoka kwake. Je, mishono imeshika, au imefumuka?» Neno hilo tulilifanya mizani yetu.

Jambo la kwanza ndilo hilo: waliotoka wako wapi? Matangazo husema: «Wanafunzi wetu 90 kwa mia wamepata kazi.» Tuulize: 90 kwa mia ya nani? Tufikiri kidogo. Shule imeingiza watu 100. Waliomaliza ni 60. Walioulizwa habari zao wakajibu ni 40. Kati ya hao, 36 wana kazi. Shule yaweza kuandika 90 kwa mia, bila kugeuza hata tarakimu moja. Lakini mama aliyemtuma mwanawe ajue kwamba kati ya walioingia 100, wanaojulikana kuwa na kazi ni 36 tu.

Tena kazi gani? Mwaka 2017 shule moja ya New York, Flatiron School, ilikubali kulipa dola 375,000 mbele ya mwanasheria mkuu wa jimbo lile. Ilitangaza kwamba 98.5 kwa mia wameajiriwa, bila kuonyesha wazi kwamba imehesabu pamoja nao watu wa vibarua vya muda na wanagenzi. Mwezi wa Aprili 2024, ofisi ya serikali ya Marekani inayolinda watu katika mambo ya fedha iliadhibu shule ya BloomTech, ambayo zamani iliitwa Lambda School. Shule ilikuwa imetangaza kwamba wanaopata kazi ni 71 hata 86 kwa mia. Hesabu zake za ndani zilikuwa karibu na 50, na mahali pengine zilishuka hata 30.

Jambo la pili ni deni. Shule nyingine zasema: «Usilipe sasa. Utalipa ukisha kupata kazi.» Maneno matamu! Lakini wazee walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Katika shule ile ile ya BloomTech, mhitimu aliyepata kazi ya ufundi huo yenye mshahara wa zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka alitakiwa kutoa 17 kwa mia ya mshahara wake kila mwezi, hata malipo yatimie 24, au jumla ifike dola 30,000. Wanafunzi waliambiwa kwamba huo si mkopo. Serikali ikasema: ni mkopo, na gharama yake ya kukopa ni kama dola 4,000 kwa mtu. Basi, mkataba usomwe wote, hata maneno madogo ya chini. Asiyeelewa amtafute anayeelewa kabla ya kutia sahihi.

Jambo la tatu: je, shule yenyewe itasimama? Dev Bootcamp ya San Francisco ilikuwa ya kwanza kwanza na yenye sifa, nayo ilifungwa mwaka 2017. Mwaka ule ule The Iron Yard nayo ilifungwa. Kwa hiyo ni vizuri kulipa kidogo kidogo, na kuuliza: mkifunga, fedha zetu zitarudi kwa njia gani?

Jambo la nne ni mwanafunzi mwenyewe. Je, anaipenda kazi hii, au anapenda mshahara tu? Kuna masomo ya bure katika intaneti, kama freeCodeCamp, na somo la CS50 la Chuo Kikuu cha Harvard. Ajaribu miezi mitatu. Akichoka na kitu cha bure, kwa nini tununue kile cha dola 12,000? Tena, tangu mwisho wa mwaka 2022, ilipotoka ChatGPT, mashine huandika programu nyepesi, yaani zile ambazo zamani walipewa wanaoanza. Anayejua kunakili tu atapata taabu. Anayeelewa kwa nini programu inakataa kufanya kazi, huyo bado anatafutwa.

Mpwa wetu alitusikiliza. Aliandikia watu watano waliotoka katika ile shule aliyoitaka. Wawili walikuwa na kazi nzuri, nao walisema ukweli: tulikuwa na diploma za chuo kikuu kabla ya kuingia, na wake zetu walitulisha miezi ile. Mmoja alikuwa msaidizi katika shule ile ile. Wawili walirudi kwenye kazi zao za zamani, na deni juu. Akauliza ofisi ya shule: «Mwaka jana waliingia wangapi?» Wakamtumia picha za watu wanaocheka.

Basi alisoma bure miezi mitatu, kila alipotoka ghalani. Hakuchoka. Kisha akagundua koleji ya serikali katika mji wake. Masomo ni ya jioni, miaka miwili, na mkimbizi mwenye kipato kidogo aweza kupewa msaada wa serikali usiorudishwa. Wakati ule msaada huo kwa kawaida haukutumika katika shule zile za haraka. Aliingia mwaka 2024.

Hatusemi kwamba mambo yamekwisha. Tunapoandika haya angali ghalani, na kazi ya programu bado hajaipata. Dada yetu anasema kwamba njia tuliyochagua ni ndefu, na ni kweli. Lakini kijana hana deni, na siku hizi dada anatupigia simu tena siku ya Dominika.

Wazazi na vijana mnaosoma haya, hatuwaambii mkimbie kila shule fupi. Yule mwenye msingi wa masomo, mwenye akiba, mwenye mtu wa kumlisha, aweza kufaidika kweli. Lakini ninyi mkishikwa na matangazo, msiangalie kibao cha mlangoni. Watafuteni watano waliotoka, ninyi wenyewe, si wale ambao shule imewachagulia. Waulizeni: mlilipa nini, mlijifunza nini, na leo mnakula kwa kazi gani? Shule nzuri haitaogopa maswali hayo.